Gari la pauni 250: hesabu iliyokuwa ya kweli mwaka 1996

Kwenye jalada la kitabu kilichotolewa na kampuni ya Haynes mwaka 1996 palichapwa namba ambayo mpaka leo inazua ubishi popote wanapokutana watu wanaojijengea magari: pauni 250. Mwandishi wake, Ron Champion, alikuwa mwalimu wa ufundi katika shule ya Oundle, Uingereza. Alichoahidi ni kwamba mtu mwenye mashine ya kuchomelea na Ford Escort mbovu anaweza kujiundia gari la spoti la viti viwili kwa fedha chache kiasi hicho. Gari lenyewe likaitwa Locost. Ukilitamka kwa Kiingereza unasikia "gharama ndogo", na kwa mbali unasikia Lotus, jina la kampuni ya magari ya spoti.

Wapo wanaosema aliwadanganya watu. Mimi nasema hakudanganya, na ndiyo maana kisa hiki kinastahili kuchambuliwa polepole. Hesabu ile ilikuwa sahihi kwa mtu wa aina fulani, mahali fulani, katika miaka michache fulani. Aliyeichukua akaihamishia mwaka mwingine, au maisha mengine, ndiye aliyeishia na fremu iliyofika nusu, imefunikwa turubai nyuma ya nyumba.

Umbo alilolifuata Champion ni la Lotus Seven, gari ambalo Colin Chapman, mwanzilishi wa Lotus, alilitoa mwaka 1957: fremu ya mabomba membamba iliyofunikwa bati la alumini, injini mbele, magurudumu ya nyuma yakisukuma, na paa la kujistiri tu mvua ikinyesha. Siri yake yote ni wepesi. Na lilikuwa likiuzwa kwa vipande kwa sababu ya kodi. Wakati ule Uingereza ilitoza kodi ya manunuzi kwenye gari zima, lakini vipuri ambavyo mteja atajiunganishia mwenyewe viliachwa. Gari kamili lilipita pauni 1,000, la vipande likawa takriban nusu ya hapo. Inasimuliwa kwamba kwa kuwa haikuruhusiwa kumpa mteja maelekezo ya kuliunganisha, Lotus walimpa maelekezo ya kulifungua, naye akayasoma kuanzia mwisho kurudi mwanzo. VAT ilipoanza Aprili 1973 unafuu huo ukaisha, na mwaka huohuo kampuni ya Caterham ikanunua haki ya kuendelea kuliunda. Seven jipya la Caterham leo ni la mtu mwenye zaidi ya pauni 20,000 za kustarehe.

Bei ndogo ya gari la namna hii, basi, imetegemea mwanya tangu mwanzo. Mwanya wa Chapman ulikuwa kwenye sheria ya kodi. Wa Champion ulikuwa kwenye yadi ya skrepa.

Kwa nini Escort

Escort ya kwanza iliingia sokoni mwaka 1968, ya pili mwaka 1975. Zote mbili zilisukumwa na magurudumu ya nyuma, kwa propela shafti ndefu na ekseli nzima yenye difu katikati, mpangilio uleule wa Lotus Seven. Mwaka 1980 Ford wakaleta Escort ya tatu, inayovutwa na magurudumu ya mbele, na kwa mjenzi habari ikaishia hapo. Tuishike tarehe hiyo, maana tutairudia.

Sasa ongeza chumvi. Uingereza humwaga chumvi barabarani wakati wa baridi ili barafu isishike lami. Chumvi hiyo inapanda na maji hadi chini ya gari na kuanza kula: sakafu, vizingiti vya milango, sehemu ambazo shokomzoba hufungwa kwenye bodi. Ongeza na ukaguzi wa kila mwaka, MOT, ambao gari lililotimiza miaka 3 haliukwepi. Bodi ikioza pale panapobeba uzito, gari linaanguka ukaguzi, na ujira wa kuziba matundu unazidi thamani ya gari zima. Katikati ya miaka ya 1990, Escort changa kuliko zote za aina hii ilikuwa na umri wa miaka 16. Unaikuta imeegeshwa pembeni ya nyumba, injini inawaka, giaboksi inaingia gia zote, difu haivumi, na mwenyewe yuko tayari kuitoa kwa bei ya kutupa ili apate nafasi ya kuegesha jipya.

Hapa ndipo ulipo utamu wa gari la kuchinjwa, yaani la kung'olewa vipuri. Kwa mwenye nalo, gari lile ni maiti. Kwa mjenzi, kilichokufa ni bodi, na bodi ndicho kitu pekee asichokihitaji. Injini, giaboksi, propela, ekseli ya nyuma, usukani, breki, rejeta, nyaya, hata saa za dashibodi, vyote anavipata kwa bei ya kuondoa uchafu. Kisha anageuka muuzaji: milango, vioo, viti, taa, boneti, kila kisichoingia kwenye gari lake kuna mtu mwingine mwenye Escort inayotembea anakitafuta. Mjenzi mzuri hufungua daftari la pande mbili, kinachoingia na kinachotoka. Namba ya pauni 250 huwezi kuielewa bila upande wa pili wa daftari. Wengi waliposikia namba ile walidhani ni fedha za kununulia. Ilikuwa ni salio.

Chasisi yenyewe ilikuwa kazi ya mkono mtupu. Bomba za mraba za inchi moja, unene wa chuma milimita 1.6, ndugu kabisa wa zile ambazo mafundi wetu wa Buguruni na Gikomba wanachomelea mageti na magrili. Unazikata kwa msumeno kufuata vipimo vya kitabu, unazipanga juu ya ubao ulionyooka, unazishika kwa vidoa vidogo vya kuchomelea kwanza, unapima pembe kwa pembe, ndipo unachomelea moja kwa moja. Chuma chote hicho kilikuwa bei ya kawaida kabisa. Juu yake bati la alumini linapigwa ribiti. Pua ya mbele na vifuniko vya magurudumu ni glasi-faiba. Gari likikamilika halifiki kilo 700, na hata injini ndogo ya Escort inalirusha.

Palikuwa na mtego mmoja wa mapema. Mbele ya Escort kuna shokomzoba ndefu za kusimama, za mtindo wa MacPherson, na haziwezi kuingia chini ya pua fupi ya gari la aina ya Seven. Kwa hiyo wajenzi wengi walilazimika kutafuta sehemu za mbele za Ford Cortina, kisha kujichomelea mikono ya sasipensheni ya juu na chini. Gari moja la kuchinjwa likawa halitoshi. Nalitaja hili kwa makusudi, kwa sababu kila niliposoma bajeti iliyopasuka, mpasuko ulianzia hapa: kitu kimoja kinachohitajika kutoka kwa gari la pili, safari ya kukifuata, boliti zisizolingana, adapta ya kuchongesha kwa fundi wa mashine.

Vitu ambavyo daftari halikuviandika

Shule ya Oundle ina sifa ya karakana zake tangu enzi za F. W. Sanderson, mkuu aliyeiongoza kuanzia 1892 hadi 1922 na aliyeamini kwamba kijana ajifunze kwa kutengeneza. Mwalimu wa ufundi wa shule kama hiyo anayo macho ya kupima, mkono wa kuchomelea, na mazoea ya kutafuta matumizi ya kila kipande. Hivyo vyote ni mtaji. Mtu wa kawaida anayeanza kwa kununua mashine ya kuchomelea, gesi, kofia ya kujikinga, grenda, seti ya spana, dirili na winchi ya kutolea injini, ameshamaliza pauni 250 mara kadhaa kabla hajakata bomba la kwanza. Atasema vifaa vitabaki kuwa vyake. Kweli, lakini fedha imetoka mfukoni mwezi huu, na ni mwezi huu ndipo bajeti inapohesabiwa.

Kisha muda. Fremu peke yake, kwa mtu anayejifunza, inakula wikiendi nyingi, na baada ya fremu ndipo kazi inapoanza hasa: mabomba ya breki, nyaya, pedali, egzosi, tangi. Chukua saa 500, kiasi kisicho cha ajabu kwa gari linalojengwa kuanzia bomba tupu. Kwa kima cha chini cha mshahara wa Uingereza kilichowekwa Aprili 2025, pauni 12.21 kwa saa, hizo ni pauni 6,105. Hakuna anayezilipa, najua, na wajenzi wengi watakwambia saa zile ndizo zilizokuwa starehe yenyewe. Nawaamini. Lakini mwenye watoto wadogo na zamu za usiku hana saa 500 za bure, naye ndiye ambaye pauni 250 zilimvutia zaidi.

Jambo moja silikubali hata kidogo katika mazungumzo ya gari la bei chee, nalo ni breki za skrepa. Kalipa za gari lililokaa nje miaka miwili zina kutu ndani ya silinda, raba zimekakamaa, na mabomba ya chuma yameliwa kutoka ndani pasipoonekana. Chukua kalipa za zamani ukipenda, lakini raba, mabomba, mipira na pedi ziwe mpya. Gari hili ni jepesi na linakwenda kasi, halina mfuko wa hewa, na kichwa cha dereva kiko karibu na lami kuliko cha mwendesha bodaboda. Mahali pa kubana fedha ni rangi, viti, kapeti, saa za dashibodi. Hapo bana hadi basi.

Mwaka 1998

Miaka miwili baada ya kitabu kutoka, serikali ya Uingereza ikaanzisha ukaguzi wa gari mojamoja kwa magari yaliyojengwa na watu binafsi, ulioitwa SVA. Kabla ya hapo gari la kujijengea lilihitaji MOT na taratibu za usajili. Mwaka 2009 SVA ikabadilishwa kuwa IVA, kali zaidi. Mkaguzi anapima mwanga na mahali taa zilipo, nanga za mikanda, usukani, moshi, kelele, na hata makali ya nje ya bodi: pembe yoyote inayoweza kumgusa mpita njia lazima iwe na mviringo wa angalau milimita 2.5. Wajenzi wengi wa mara ya kwanza huanguka kwa jambo dogo, kichwa cha boliti kisicho na kofia ya plastiki, na kurudi tena.

Ada ya IVA kwa gari dogo ni pauni 450. Kurudia ni pauni 90. Usajili wa kwanza ni pauni 55. Sasa tupige hesabu. Kwa mfumuko wa bei, pauni 250 za mwaka 1996 ni kama pauni 500 za leo. Ukaguzi mmoja na usajili ni pauni 505. Yaani bajeti nzima ya Champion, ikiwa imeshapandishwa iendane na wakati, inaishia kwenye dirisha la malipo, na hujanunua hata nati.

Sizilaumu kanuni hizo. Nimeshaona picha za fremu zilizochomelewa na watu waliokuwa wakijifunza hapohapo, na nisingependa zinifuate nyuma kwenye barabara kuu. Lakini yeyote anayenukuu namba ya 1996 bila kutaja 1998 anampotosha anayemsikiliza. Na kuna gharama nyingine inayojificha kwenye namba ya usajili. Mjenzi aliyetumia chasisi mpya ya mtengenezaji anayetambulika pamoja na sehemu kuu mbili za gari la asili anaweza kupewa namba inayolingana na umri wa gari lile. Gari ambalo asili yake haithibitiki hupewa namba inayoanza na Q, na siku ya kuuza wanunuzi huiona na kupunguza bei. Kwa hiyo kadi ya gari la kuchinjwa na risiti zake zina thamani ya fedha. Zihifadhi tangu siku ya kwanza.

Escort ilivyopanda daraja

Msomaji wa Nairobi au Kampala huenda analijua jina la Escort kwa njia nyingine. Mwaka 1972 Hannu Mikkola alishinda Safari Rally kwa Escort RS1600, dereva wa kwanza kutoka ng'ambo kushinda mbio hizo. Mwaka 1977 Björn Waldegård naye akashinda kwa Escort RS1800. Sifa za namna hiyo hazifi. Vijana waliobandika picha zile ukutani walikua, wakapata fedha, wakarudi kulitafuta gari. Escort za 1968 hadi 1980 zikageuka kuwa kumbukumbu, na leo hata bodi tupu ya kawaida, yenye kutu, inauzwa kwa maelfu ya pauni.

Tena tangu Mei 2018, gari lililopita miaka 40 na ambalo halijabadilishwa sana haliwajibiki kwenda MOT. Ukaguzi uleule uliokuwa ukiziua Escort na kuzitupa mikononi mwa wajenzi sasa umeziachilia. Mtu atakayechukua Escort leo akaichinja ili ajenge Locost atakuwa ameharibu kitu cha bei ghali ili apate cha bei nafuu. Cortina nayo ilikoma mwaka 1982 na imeadimika vilevile.

Wajenzi walihama. Kwanza kwenda Ford Sierra, iliyotengenezwa 1982 hadi 1993 na kusukumwa nyuma. Haynes walitoa mchoro mpya kwa ajili yake mwaka 2007. Sierra zilipokwisha, macho yakageukia Mazda MX-5, iliyoanza kuuzwa mwaka 1989. Hii nayo ina ugonjwa uleule wa Escort: vizingiti vinaoza huku injini ya 1.6 au 1.8 ikiwa na maisha marefu mbele yake. Na kwa kuwa imetengenezwa zaidi ya milioni moja, rundo lake bado ni kubwa.

Nimejaribu kuliandika daftari la mjenzi wa leo anayetumia MX-5 iliyoanguka MOT, tayari ana vifaa vya karakana. Haya ni makadirio yangu mwenyewe. Gari la kuchinjwa, 800. Bomba na alumini, 500. Pua na vifuniko vya glasi-faiba, 400. Shokomzoba, bushi na vifaa vya mikono ya sasipensheni, 500. Breki mpya pale nilipozitaja, 300. Tairi, 250. Taa, vioo, mikanda na nyaya, 400. Tangi na egzosi, 300. Rangi, ribiti, gesi, mawe ya grenda na vikorokoro visivyoisha, 300. Hapo ni 3,750. Ukaguzi, kurudia mara moja, na usajili, 595. Jumla 4,345. Akiuza viti, milango, vioo na paa la MX-5 kwa 400, anabaki na pauni 3,945.

Karibu pauni 4,000, basi, na mimi naiona ni bei nzuri sana kwa gari linalosisimua namna ile. Ila ni mara nane ya namba ya jalada hata baada ya mfumuko wa bei. Takriban theluthi ya fedha zote huenda kwenye gari la kuchinjwa, mabomba na alumini; zinazobaki ni za vitu vidogovidogo ambavyo hakuna anayeviota usiku. Anayepanga bajeti kwa kuanza na bei ya gari la kuchinjwa na kukadiria mengine baadaye anaanzia pasipofaa.

Kwetu mambo yako kinyume

Kila hadithi hii inaposimuliwa Dar es Salaam au Nairobi, mtu husema: kwetu mafundi ni wengi na ujira ni nafuu, tungeweza kulijenga kwa bei ndogo zaidi. Upande wa ujira ni kweli kabisa. Fundi wa gereji bubu anayenyoosha chasisi ya Canter kwa macho angeichomelea fremu ile kwa siku chache. Magari yanayofaa pia yapo: Toyota Altezza na Mark II zinasukumwa nyuma, zimejaa, na kila fundi anazijua.

Kinachokosekana ni maiti yenye moyo mzima. Dodoma hakuna chumvi barabarani, bodi haiozi kabla ya injini. Gari linalotembea halitupwi. Linauzwa kwa mtu mwingine, kisha kwa mwingine tena, mpaka injini ichoke kweli. Na likigongwa, wenye maduka ya spea wa Gerezani au Kirinyaga Road wanalijua thamani yake kipande kwa kipande kuliko wewe. Injini nzima na giaboksi yake, iliyokatwa Japani na kuletwa kwa kontena, inauzwa kama spea, kwa bei ya spea. Uingereza ya 1996 ilikuwa na gari la bure na ujira ghali. Sisi tuna ujira nafuu na gari la kuchinjwa lenye bei kamili. Anayetaka kujenga huku aanze daftari lake hapo, na atafute gari lililopinduka, bodi imepondeka, injini haikuguswa, kabla dalali wa spea hajalifikia.

Awe Leicester au Mbezi, ningemwomba jambo moja kabla hajaanza kufungua boliti. Alinunue gari likiwa linatembea, kisha aliendeshe wiki mbili kama ukaguzi na bima vinaruhusu. Lisikilizwe likipanda kilima kwenye gia ya tatu. Aachie mafuta ghafla asikie kama difu inaguna. Aangalie asubuhi sakafuni kama kuna doa la mafuta, na limetoka wapi. Apige picha kila waya na kila bomba mahali lilipo, aandike namba kwenye vikaratasi na kuvibandika. Halafu azime injini, ateremshe mafuta, na atafute spana namba 17.